Kiti cha Kayaki Hukatwa kwa Kipimo cha Mwenye Kayaki

Mwaka 1951 Mmarekani John Goddard na Wafaransa wawili, Jean Laporte na André Davy, walitokeza kwenye Bahari ya Mediterania baada ya kuufuata mto Nile kwa miezi tisa hivi. Walisafiri kwa kayaki ndogo za kukunjwa. Masimulizi ya safari za namna hiyo hujaa viboko, mamba na maporomoko ya maji, kiti hakitajwi. Lakini mwili wa msafiri, saa baada ya saa, uko juu ya kiti, na kiti kibaya kimewakatisha wengi safari ambazo mikono yao ilikuwa bado inaziweza.

Juba imejengwa ukingoni mwa mto huohuo. Anayeishi mtaa wa Hai Cinema hayuko mbali na maji, wala hayuko mbali na masoko kama Konyo Konyo, ambako bidhaa nyingi hufika kwa malori kupitia Nimule, kwenye barabara ya lami ya kilomita 192 iliyokamilika mwaka 2012. Kayaki ya kiwandani ni kitu cha nadra, na kusafirisha chombo cha mita nne kutoka Kampala au Nairobi ni gharama inayoweza kushinda bei ya chombo chenyewe. Anayeitaka basi huiunda: fremu ya mbao nyembamba iliyovikwa turubai, au plaiwudi iliyoshonwa kwa waya kisha ikazibwa kwa epoksi. Michoro ya kuunda ganda inapatikana kwa wingi, na fundi seremala mzuri anaweza kuisoma. Michoro hiyo ikifika kwenye kiti huwa na maneno mawili matatu tu, na hapo ndipo wajenzi wengi hukata kipande cha godoro, wakakitupa ndani na kuingia majini.

Kipande hicho cha godoro hunywa maji. Ndani ya nusu saa mtu amekaa kwenye sponji iliyolowa, nguo zinamkwaruza, na kila anapopiga kafi upande mmoja kiti kinateleza upande wa pili. Mwili hauna mahali pa kushika, hivyo mabega hufanya kazi ambayo ingefanywa na kiuno. Mtu hurudi nyumbani na maumivu ya mgongo akailaumu kayaki, na kayaki haina kosa.

Kiti kizuri hufanya kazi mbili zinazovutana. Kinaubana mwili na chombo viwe kitu kimoja, ili nyonga ikiinama kidogo kayaki nayo iiname. Papo hapo kinauachia mwili utoke mara moja kayaki inapopinduka. Anayejenga kiti anatafuta mahali ambapo kazi hizo mbili zinapatana, na mahali hapo hapafanani kwa watu wawili, hata ndugu wa tumbo moja.

Wainuiti wa Greenland, waliotumia kayaki kuwindia sili, walilijua hilo tangu mwanzo wa ujenzi. Walipima chombo kwa mwili wa mwindaji mwenyewe: urefu karibu pima tatu za mikono yake, upana wa nyonga zake na kuongeza ngumi mbili, kina cha ngumi moja na kidole gumba kilichonyooshwa. Fundi wa mtumbwi wa Lamu au Bagamoyo, aliyelelewa na shubiri, dhiraa na pima, hashangazwi na hesabu hiyo. Kwa kuwa ganda zima lilikuwa limeshamkaa mwenyewe, mwindaji aliweza kutandika ngozi tu chini akatosheka. Kayaki inayoundwa leo kwa mchoro imepangiwa mtu wa wastani ambaye hakuna aliyewahi kukutana naye, kwa hiyo kiti ndicho kinachobeba kazi yote ya kuisogeza kayaki kwa mwili wa mwenye nayo.

Kazi inaanza kwa vipimo, na kipimo cha kwanza hakihitaji hata futi ya kupimia. Mjenzi anatandika boksi la karatasi, lile lenye mawimbi ndani, juu ya benchi ngumu. Anakaa juu yake akiwa na nguo nyepesi, miguu imepandishwa juu ya tofali ili magoti yawe juu kidogo ya nyonga, anaegemea mbele kwa dakika moja, kisha anainuka. Boksi litakuwa limebonyea mahali pawili. Hapo ndipo inapokaa mifupa miwili ya chini ya makalio inayobeba sehemu kubwa ya uzito wa mtu aliyeketi. Azungushie chaki, apime kutoka kitovu cha bonde moja hadi kitovu cha lingine. Kwa watu wazima wengi umbali huo ni kati ya sentimita 9 na 15, na wanawake kwa kawaida huwa na nafasi pana zaidi kuliko wanaume. Tofauti ya sentimita mbili inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye kiti ndiyo inayoamua kama mfupa utatua bondeni au kwenye kingo.

Vipimo vingine huchukuliwa mtu akiwa amekaa sakafuni, mgongo umegusa ukuta, miguu mbele na magoti yamekunjwa kidogo yakielekea nje, kama atakavyokaa majini. Upana wa nyonga upimwe kwa vibao viwili vilivyosimamishwa kila upande. Urefu upimwe kutoka ukutani hadi nyuma ya goti, kisha hadi kwenye nyama ya unyayo iliyo chini ya vidole, maana hapo ndipo mguu utakaposukuma. Mwisho, kimo cha mfupa wa juu wa nyonga kutoka sakafuni, ambacho kitaamua kimo cha egemeo la mgongo. Vipimo hivi vichukuliwe na mtu mwingine. Anayejipima mwenyewe huinama, na akiinama kila kitu hubadilika.

Suala la malighafi linastahili muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu sokoni kila kitu chepesi na laini huitwa sponji. Godoro la kawaida lina vinyweleo vilivyo wazi. Hewa hupita, na maji nayo hupita. Kinachotakiwa ni sponji ngumu ya vinyweleo vilivyofungwa, ambayo hainywi maji hata ikizamishwa. Inapatikana katika sura nyingi. Mikeka minene ya kulalia ya wasafiri na vipande vya sakafu vya rangirangi vya kuchezea watoto ni ya aina hiyo. Shiti wanazonunua mafundi viatu kwa ajili ya soli nazo ni hizo. Ile sponji nyeupe inayokunjika bila kuvunjika, inayozungushiwa friji na televisheni ndani ya boksi, nayo inafaa, ingawa ni laini mno kutumiwa peke yake. Nyeupe inayovunjika na kumwaga punje isitumike: hupondeka chini ya uzito wa mtu, na gundi ya fundi viatu huiyeyusha.

Kwa mwenye mfuko mdogo zipo kandambili. Mwaka 2018 huko Lamu fundi Ali Skanda na wenzake walizindua Flipflopi, jahazi la mita tisa lililoundwa kwa plastiki iliyotumika na kuvikwa maelfu ya kandambili zilizookotwa ufukweni. Mwaka uliofuata lilisafiri hadi Zanzibar. Malighafi iliyovumilia chumvi na jua la pwani hiyo itavumilia Nile. Soli kuukuu zikisuguliwa kwa msasa hadi ziwe bapa, zikakatwa pembe mraba na kuunganishwa kwa gundi, hutoa bonge gumu linalofaa hasa kwa pande za nyonga na kwa kisigino cha mguu. Zipo mahali popote watu wanapotupa viatu.

Jaribio la sponji ni rahisi na lisirukwe. Kipande cha ukubwa wa kiganja kipimwe kwenye mizani ya duka, kizamishwe kwenye ndoo chini ya jiwe usiku kucha, asubuhi kifutwe kwa kitambaa na kupimwa tena. Kikiwa kizito zaidi, muuzaji hakujua alichokuwa anauza. Jaribio la pili ni la ugumu: kipande cha unene wa sentimita tano kiwekwe sakafuni, mtu asimame juu yake kwa kisigino kimoja. Kisigino kikigusa sakafu, sponji hiyo haitamudu mifupa ya makalio. Na kwa Juba jaribio la tatu ni la joto. Miezi ya Februari na Machi mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na kitu cheusi kilichoachwa juani hupata joto kubwa kuliko hewa. Sponji za aina ya soli hulegea na kunywea zikichomwa na jua siku nyingi. Kipande kiachwe juani siku mbili kabla ya kuamua, na kati ya nyeusi na kijivu hafifu ichaguliwe kijivu.

Sasa kukata. Bonge la kuanzia liwe na unene wa sentimita tano au sita, lililopatikana kwa kugundisha tabaka tatu. Gundi ni ileile ya fundi viatu: ipakwe pande zote mbili, iachwe hadi kidole kikigusa hakinati, ndipo tabaka zikutanishwe. Kwa joto la Juba dakika chache hutosha, na zikishakutana hazisogezwi tena, kwa hiyo alama za penseli ziwekwe kabla. Kazi hii ifanyiwe nje au mlangoni penye upepo. Mvuke wa gundi hiyo huumiza kichwa na mapafu, na hauko salama karibu na jiko la mkaa.

Upana wa bonge ufuate nyonga. Urefu uishie kabla ya nyuma ya goti, angalau upana wa vidole vinne, la sivyo ukingo wa mbele utabana mishipa na mguu utakufa ganzi. Ukingo wa mbele uwe juu kuliko sehemu ya nyuma kwa sentimita mbili hivi, ili mapaja yabebwe kwa urefu wake na uzito usirundikane kwenye mifupa miwili. Wajenzi wengi hudhani ganzi ya miguu inatokana na ugumu wa kiti. Mara nyingi chanzo chake ni kiti kilicho bapa: mapaja yananing'inia, makalio yanabeba yote, na mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni unabanwa.

Mabonde ya mifupa yachongwe kwa kisu kirefu cha mkate, kisha yalainishwe kwa msasa uliozungushiwa chupa ya maji. Kina cha sentimita moja kinatosha kwa kuanzia. Katikati, kutoka mbele hadi nyuma, upitishwe mfereji mwembamba wa kumwaga maji, kwa sababu kafi hudondosha maji ndani hata siku ambayo mto umetulia. Baada ya hapo inakuja kazi inayotenganisha kiti cha kweli na kipande cha sponji. Mjenzi anapaka unga wa mkaa kwenye kaptula kuukuu, anakaa kwenye kiti kama atakavyokaa majini, anazungusha kiuno kushoto na kulia mara kadhaa, anainuka bila kuburuza. Palipopata weusi mzito ndipo panapobeba uzito mwingi mno. Anapunguza hapo, kidogo sana, anapaka tena, anakaa tena. Weusi ukishatandaa sawasawa kwenye makalio na sehemu ya mapaja, uchongaji umefikia kikomo. Haraka hapa haifai kabisa, maana sponji iliyokatwa hairudi, na ni afadhali kulala na kiti kigumu kidogo kuliko kuamka na kiti kilichochongwa kupita kiasi.

Katika ukanda huu wapo watu waliosomea jinsi mwili unavyokaa, nao si wajenzi wa vyombo vya majini. Ni mafundi wa viti vya magurudumu na viungo bandia. Chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981 kando ya hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimefunza mafundi wa namna hiyo kutoka nchi nyingi za Afrika, na Juba yenyewe ina kituo cha tiba ya viungo kilichoungwa mkono kwa miaka mingi na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Katika mafunzo ya viti vya magurudumu yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 kuna kipimo cha mkono ambacho mjenzi wa kayaki anaweza kukiazima kama kilivyo. Mtu anakaa kwenye kiti. Msaidizi anapitisha ncha za vidole chini ya mfupa wa kalio. Vidole vikiweza kupanda na kushuka kwa nusu sentimita au zaidi, shinikizo liko salama. Vikishindwa kucheza lakini vikatoka kwa urahisi, hilo ni onyo. Vikibanwa vikawa vigumu kuvutwa, kiti kimeshindwa na kirudi kwenye msasa.

Kwa mtu mwenye hisia kamili, kushindwa kwa kiti ni maumivu na safari iliyokatishwa. Kwa aliyeumia uti wa mgongo na asiyesikia kitu kuanzia kiunoni, shinikizo hilohilo huchimba kidonda kimyakimya, na kidonda cha namna hiyo huua. Sudan Kusini ina watu wengi waliopoteza miguu kwa risasi na mabomu ya ardhini, na kayaki ni mojawapo ya vyombo vichache ambavyo mtu wa namna hiyo anaweza kuendesha sambamba na yeyote. Mbio za kayaki za watu wenye ulemavu ziliingia kwenye Michezo ya Paralimpiki huko Rio mwaka 2016, na wanaoshindana humo hutumia viti vilivyotengenezwa kwa mwili wa kila mmoja. Asiye na unyayo wa kusukumia anahitaji kushikwa na kiti kwenye nyonga na mapaja. Pande za kiti zipande juu zaidi, na ncha ya mguu uliokatwa itengenezewe pango lake lenye sponji laini ndani, lililo wazi kwa juu. Mikanda ya kujifunga itumike tu ikiwa inafunguka kwa mvuto mmoja wa mkono wowote, na hilo lifanyiwe mazoezi chini ya maji kabla ya safari. Hapa ushauri wa fundi wa kituo cha viungo utafutwe kabla ya kukata chochote. Mto ni wa watu wote wa Juba, na kiti ndicho mlango wao.

Pande za nyonga hutengenezwa peke yake. Vipande viwili vyenye umbo la nusu mwezi husimama kati ya nyonga na ukuta wa kayaki. Kwa safari ndefu za maji matulivu nafasi ya kidole kimoja kila upande inatosha. Wachezaji wa kayaki wa Jinja, Uganda, wanaoingia kwenye mawimbi ya Nile, hutaka kukazwa zaidi kwa sababu chombo chao hugeuzwa juu chini mara nyingi kwa makusudi, na wamejifunza kutoka au kujiinua. Anayeanza asiige kukazwa kwao. Vipande hivi visigundishwe moja kwa moja. Vifungwe kwa mkanda wa kunata au kamba, ili mwili ukinenepa au kukonda, au ndugu akiazima kayaki, viwekwe vingine.

Egemeo la mgongo ndilo linalokosewa zaidi baada ya kiti chenyewe. Mtu hufikiri kochi, akatengeneza egemeo refu linalofika mabegani. Kayaki huendeshwa kwa kuzungusha kiwiliwili, na egemeo refu huzuia mzunguko huo, hushika jaketi la kuokolea, na humzuia mtu kujivuta nyuma anapotaka kutoka. Lisipite mfupa wa juu wa nyonga uliopimwa mwanzoni. Mkanda mpana wa begi, sentimita 10 hivi, uliotiwa sponji na kufungwa kamba pande mbili, unatosha kabisa. Unalegea, unakazwa, unakauka haraka. Na egemeo halina maana bila kikanyagio cha miguu mbele. Mgongo hushikwa na nyayo: mguu unasukuma, nyonga inarudi nyuma, kiuno kinanyooka. Kipande cha mbao kinachosogezeka kwenye reli mbili zenye matundu hufanya kazi hiyo vizuri, mradi mguu uliovaa viatu usiweze kupenya nyuma yake ukanasa.

Kuhusu kufunga kiti ndani ya ganda, maneno ni machache. Ganda lisitobolewe kwa skurubu chini ya mstari wa maji. Kwenye plaiwudi kiti hugundishwa juu ya rangi iliyokwaruzwa kwa msasa na kufutwa vumbi. Kwenye fremu ya turubai kiti kisikae juu ya turubai kamwe. Kitaivuta, kitaisugua, na mchanga ulioingia katikati utaikata. Kikae juu ya vibao vitatu vilivyolazwa juu ya mataruma, yaani mbavu za fremu, na vibao vifungwe kwa kamba ili vicheze pamoja na fremu.

Kimo cha kiti ni jambo la uhai. Kila sentimita inayoongezwa chini ya makalio huinua uzito wa mwili, na kayaki nyembamba huanza kuyumba kwa nyongeza ya sentimita mbili au tatu tu. Nyama ya kiti chini ya mifupa isipite sana sentimita mbili baada ya kuchonga, hata kama mtu anahisi angeona mbali zaidi akiwa juu. Anayetaka kuona mbali atumie mtumbwi na asimame, kama wavuvi wa mto huo wafanyavyo.

Gundi ya mwisho isipakwe kabla ya kayaki kuelea. Mtu akae ndani ya maji matulivu na mzigo wake wote, mwingine atazame kutoka pembeni. Omo (mbele ya chombo) ikizama kuliko tezi (nyuma yake), kiti kirudi nyuma. Tezi ikizama, kiende mbele. Hatua za sentimita mbili mbili zinatosha. Kayaki ikielea sawa, ipigwe alama ya penseli kwenye kiti na kwenye ganda, ndipo gundi itumike.

Maji hayo matulivu yasiwe Nile. Mbele ya Juba mkondo una nguvu, mamba na viboko wapo, na kusini kuelekea Nimule mto unapita kwenye maporomoko ambayo tangu enzi za meli za mvuke yalizifanya meli zitokazo Khartoum ziishie Juba. Madimbwi ya pembeni yanaweza kuwa na konokono wa kichocho. Mahali pazuri ni bwawa la kuogelea la hoteli, kwa ruhusa, asubuhi kabla ya wageni. Humo pia hufanywa jaribio ambalo kiti kisipolifaulu hakifai, hata kama mengine yote yamekaa vizuri. Mtu avae jaketi lake, aingie, msaidizi asimame majini kando yake, kayaki ipinduliwe. Aliye ndani ashike kingo za tundu la kukalia, ainame mbele, asukume nyonga nje kama anayevua suruali. Anapaswa kutoka kwa msukumo mmoja. Nyonga zikikwama hata kidogo, pande zipunguzwe. Paja likinasa, ukingo uchongwe. Kamba ya egemeo ikishika jaketi, ikatwe ifungwe upya mahali pengine. Jaribio lirudiwe na nguo zilezile na viatu vilevile vitakavyovaliwa mtoni, kwa kuwa suruali nzito iliyolowa hubadilisha vipimo vyote.

Baada ya safari mbili tatu kiti kitakuwa kimelala kidogo. Sponji mpya hushuka milimita chache chini ya uzito kisha hutulia, na hapo unga wa mkaa utolewe tena kuangalia kama mabonde bado yako mahali pake. Kayaki ihifadhiwe kivulini, tundu likiangalia chini, na vipande vya nyonga vikiwa vimetolewa vikauke. Mchanga ukaguliwe chini ya kiti kila mara. Gundi ikianza kuachia, huanzia kwenye kona ya nyuma ya upande anaolalia mwenyewe zaidi; kona hiyo ifunuliwe, isafishwe, ipakwe upya siku hiyohiyo, kabla maji hayajaingia katikati ya tabaka.